Midomo ya Annastella

Siku jeneza la Hellen liliposhushwa Ijumbi, watu walikuwa wengi hata Alistidia hakumwona mtoto mpaka jioni. Alimkuta jikoni, ameketi kwenye kigoda kando ya mafiga, na jirani mmoja akimbembeleza ale. Sahani ya ndizi na maharage ilikuwa magotini pake, haijaguswa. Alikuwa mtoto wa miaka sita, mwembamba, na kuzunguka mdomo wake palikuwa na duara jekundu lenye upana wa kidole, lililoanzia chini ya pua likashuka hadi kidevuni. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kubanduka vipande vipande, kama rangi ya ukuta uliopigwa na mvua. Kwenye pembe za midomo damu ilikuwa imeganda. Na ulimi haukutulia. Ulitoka, ukapita juu, ukapita chini, ukarudi ndani. Baada ya punde ukatoka tena.

"Hawezi kula, Mama Dastan," alisema yule jirani, ambaye ni Evodia wa nyumba ya pili. "Chumvi inamchoma. Tumemwambia aache kulamba, hasikii."

Alistidia alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Annastella, mwana wange. Mimi ni mama yako mkubwa. Dada yake mama."

Mtoto alimtazama usoni kwa muda mrefu, ulimi ukiendelea na kazi yake.

"Nakujua," alisema.

Alistidia alisimama haraka kuliko alivyokusudia. Angemjuaje? Walikuwa wameonana mara moja tu, na siku hiyo mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Yeye na Hellen walikuwa mabinti wawili wa mzee Ndyamukama, wamepishana miaka kumi na miwili. Mama yao alipofariki, Hellen alikuwa bado ananyonya, na Alistidia ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia ndizi, akamfundisha kutembea baina ya migomba. Kwa hiyo walipokuja kugombana, hawakugombana kama ndugu. Waligombana kama mama na binti yake, na ugomvi wa namna hiyo una mizizi mirefu. Hellen alikwenda Bukoba kufanya kazi dukani, akazaa na mwanamume ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na baba yao alipolala kitandani miezi minane hakuja hata siku moja. Alikuja siku ya maziko, kaburi limekwisha kufukiwa, amemshika mtoto mkono. Alistidia akasema mbele ya wafiwa wote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Huyu mgeni mpeni kiti. Akishapumzika, arudi alikotoka."

Hellen hakukaa kwenye kiti hicho. Aligeuka na mtoto wake, akaondoka, na kwa miaka mitatu hawakusemezana.

Kisha ikaja Krismasi. Mchana wa siku hiyo nyumba ya Alistidia ilikuwa imejaa. Wanawe wawili walikuwa wamerudi kutoka Mwanza na Karagwe, kwaya ya usharika ilikuwa imeimba vizuri asubuhi, na yeye alikuwa anapakua chakula simu yake ilipoita mezani. Aliona jina. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Nani huyo?" aliuliza mumewe, Onesphory, mwalimu mstaafu, mtu asiyependa simu iite bure.

"Namba nisiyoijua."

"Si upokee?"

"Watu wa matangazo tu hao."

Iliita tena. Akaizima sauti, akaenda kuiweka chini ya mto chumbani. Mara mbili mchana ule aliingia kuchukua kitu akaona mwanga wake ukimulika shuka kutoka chini ya mto, akatoka. Jioni alipoitazama, Hellen alikuwa amepiga mara kumi na moja. Alistidia alijiambia: aonje naye kusubiri. Siku iliyofuata, sikukuu ya pili, alishika simu ampigie, akaiweka chini. Wageni walikuwa bado wapo, maneno yangekuwa mengi. Asubuhi ya tarehe ishirini na saba iliita namba ambayo kweli hakuijua, na hiyo akaipokea. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee wa Kihindi, akiongea Kihaya kilichonyooka, akilia.

Kabla hajamwendea Onesphory kumwambia kuna msiba, Alistidia aliifuta ile orodha ya simu.

Daktari alisema ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka, damu ikamwagikia tumboni. Watu wa msibani walisema Mungu ametoa na Mungu ametwaa. Hakuna aliyemuuliza Alistidia chochote. Alichokuwa akijiuliza yeye, tangu jioni ile jikoni, ni kile alichokiona mtoto.

*

Alianza na alichokijua. Alimwosha mtoto mdomo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kama wanavyooshwa wenye vidonda, na mtoto akatetemeka mwili mzima bila kulia. Alimpaka samli, ikalambwa kabla haijaingia kwenye ngozi. Alimpaka asali, ikalambwa upesi zaidi. Evodia akaleta majani ya kusaga ambayo mama mkwe wake alikuwa akiwatibia watoto, na duara likatoa maji. Kila asubuhi mto wa Annastella ulikuwa na madoa ya damu, kwa sababu midomo ilikauka akiwa amelala, na alipopiga miayo ikapasuka upya.

Shule zilipofunguliwa Januari walimwandikisha darasa la kwanza. Siku ya tatu alirudi sare imechafuka mgongoni.

"Nani amekusukuma?"

"Wanasema mdomo wangu una ugonjwa. Hawataki nikae kwenye dawati lao."

"Na mwalimu?"

"Amenikalisha peke yangu. Ni pazuri, karibu na dirisha."

Alikuwa mtoto wa kusema hivyo, bila kulalamika, kama mtu mzima anayejali asimsumbue mwenyeji wake. Aliamkia, alishukuru, alifagia uwanja bila kuagizwa. Alistidia angependa alie. Siku moja akifagia chumba alikuta chini ya kitanda cha mtoto chupa nne za plastiki zimejazwa maji, zimepangwa ukutani, na nyuma yake kopo la mafuta ya Kimbo, nalo limejaa maji hadi juu.

"Haya ya nini, Annastella?"

"Ya kukaa tu."

Alistidia hakuuliza zaidi. Aliogopa kuuliza. Tangu maziko alikuwa ameogopa kila swali ambalo jibu lake lingeweza kuanzia Bilele, huko Bukoba, kwenye chumba cha kupanga alichofia Hellen, na badala ya kuuliza akaupigania ule mdomo, kana kwamba ukipona, na yote yaliyo nyuma yake yatafutika.

"Ni tabia tu hiyo," alisema Evodia. "Kama kunyonya kidole. Mpake shubiri, kama anayeachishwa ziwa. Ataacha mwenyewe."

Alimpaka shubiri. Annastella alikunja uso kwa uchungu wake, na akaendelea kulamba. Siku nne alikwenda shule na mate ya kijani kidevuni, duara likazidi kupanuka. Siku ya tano Alistidia alikwenda nyuma ya jiko akachuma pilipili kichaa mbili.

Baadaye alijaribu kukumbuka alikuwa anawaza nini, akashindwa. Alizitwanga, akachanganya na tone la mafuta ya kupikia, akamwita mtoto aliyekuwa tayari amevaa sare. Nitampaka pembeni tu, alijiambia, si kwenye midomo yenyewe. Lakini pembeni ndiko ngozi ilikokuwa imechanika.

Machozi yalimtiririka Annastella yenyewe, bila sauti, bila uso kubadilika. Mikono aliining'iniza kando. Ulimi ukatoka. Ukapita juu, ukapita chini, ukaichukua pilipili ukarudi nayo ndani. Ukatoka tena.

"Inauma?" aliuliza Alistidia.

"Ndiyo."

"Basi acha kulamba!"

"Nikiacha itakauka."

"Ikauke! Ikikauka itapona!"

Mtoto alitikisa kichwa. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba, inang'aa, na kutoka kwenye pembe moja damu mbichi ilishuka hadi kwenye kola nyeupe ya shule. Bado alikuwa anamtazama mama yake mkubwa usoni, na ulimi bado unazunguka.

Onesphory alikuwa anatoka kwenye mibuni, ndoo mkononi. Alisimama mlangoni.

"Umempaka nini mtoto?"

Kinu kilikuwa pale pale. Mzee aliweka ndoo chini. Alichukua kikombe cha maziwa kilichokuwa mezani, akamkalisha mtoto mapajani, akawa anachovya kitambaa kwenye maziwa na kumgusa nacho mdomoni taratibu, tena na tena, huku akimwambia kwa Kihaya maneno ya kubembeleza, bojo, bojo, kama anayeongea na mtoto mchanga. Alipomaliza ndipo akamgeukia mkewe.

"Nimefundisha miaka thelathini na mbili," alisema. "Nimechapa watoto, na mengine nayajutia. Lakini hili sijawahi kuliona. Kesho mnakwenda hospitali, Bukoba. Na huko mjini upitie kwa yule mama wa Kihindi, uchukue vitu vya mdogo wako. Vimekaa stoo kwake mwezi mzima kama vya mtu asiye na kwao."

*

Tabibu aliyewapokea alikuwa kijana anayeitwa Philbert, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimsogeza Annastella dirishani kwenye mwanga, akamtazama bila kumgusa, kisha akauliza wamempaka nini. Alistidia alitaja samli, asali, majani, shubiri.

"Na kingine?"

"Pilipili."

Philbert aliandika kitu kwenye karatasi, labda aliandika hilo hilo, labda alikuwa anajipa muda tu.

"Mama, mate hayalainishi ngozi," alisema. "Yanakausha. Mtoto akilamba anapata nafuu kidogo, halafu mate yanakauka na kuondoka na unyevu wa ngozi, inamwasha zaidi, analamba tena. Ni mzunguko. Hawezi kuuvunja kwa kutishwa. Acha sabuni usoni, acha chumvi, acha limau, na hivyo vingine vyote acha. Maji safi tu, ya uvuguvugu. Usimsugue, mkaushe kwa kumgusagusa. Halafu mafuta ya mgando, yale ya kawaida yasiyo na manukato, mazito, hadi yang'ae. Kabla ya kula, baada ya kula, akienda shule, akienda kulala. Hata mara kumi kwa siku. Na umpe chupa ya maji atembee nayo, kila anapotaka kulamba anywe kidogo."

"Atapona?"

"Ngozi itapona. Wiki nne, tano. Isipokuwa ikitoa usaha au magamba ya njano, hapo mrudi upesi." Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa anasikiliza kila kauli. "Alianza lini?"

"Sijui. Aliletwa kwangu akiwa hivi."

"Jaribu kujua."

Duka la yule mama wa Kihindi, Mama Pradip, lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, duka la vitambaa lenye dari ya juu na kaunta ya mbao iliyolainishwa na vizazi vitatu vya mikono. Jina lake ni Manorama, lakini kwa kuwa mwanawe Pradip alizaliwa na kukulia pale pale, mji mzima ulimwita kwa jina la mwanawe, hata sasa ambapo Pradip yuko mbali, na familia za Kihindi zilizobaki mjini zinahesabika. Hellen alimfanyia kazi miaka minane.

Annastella alipomwona alikimbia. Alistidia hakuwa amewahi kumwona akikimbia. Alimkumbatia yule bibi kiunoni, akaficha uso kwenye sari, na Mama Pradip akamshika kichwa kwa mikono miwili, kisha akamwinua kidevu. Aliutazama mdomo uliovimba. Akamtazama Alistidia. Akamwambia mtoto aende stoo achague vipande vya vitambaa, vyovyote avitakavyo.

"Siku ile haukuwa hivi," alisema mtoto alipokwenda. "Ulikuwa umekauka tu, umepasuka. Nilidhani kwenu utapona."

"Mama, nieleze siku ile," alisema Alistidia. "Msibani sikuuliza."

"Ndiyo. Niliona huulizi."

Mama Pradip alikaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. Alieleza polepole, kwa Kihaya, akitazama mlango wa stoo.

Ile nyumba ya Bilele ilikuwa na vyumba sita vya kupanga, na Krismasi wapangaji wote huwa wameondoka. Nani hukaa mjini Krismasi? Kila mtu huenda kwao. Hellen pekee alibaki na mwanawe, kwa sababu, alisema, mwaka huu pia hana safari. Duka lilifungwa siku mbili. Tarehe ishirini na saba Hellen hakufika kufungua, na miaka minane hakuwahi kuchelewa. Mama Pradip akaenda mwenyewe kwa miguu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa komeo la juu ambalo mtoto hawezi kulifikia hata akipanda kwenye kiti. Alipoita, sauti ndogo ilimjibu: "Bibi, mama hafungui macho." Akamleta fundi wa vyuma, wakavunja.

"Ndoo ilikuwa tupu. Jagi tupu. Bomba liko nje, uani, hatua kumi. Alikuwa amelala pale ndani na mama yake tangu jioni ya Krismasi, usiku, mchana mzima, usiku tena. Hellen alikuwa kitandani amefunikwa vizuri hadi shingoni. Yeye alimfunika." Mama Pradip alipangusa kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Na midomo ya Hellen ilikuwa imepakwa mafuta. Mengi, hadi mashavuni. Kile kikopo cha mafuta ya mtoto kilikuwa pale kando ya mto, kimekombwa, kitupu. Nikamuuliza, mbona wewe hujajipaka, midomo yako inatoka damu? Akasema, ya mama ilikuwa imekauka zaidi. Akasema mimi nina mate."

Alistidia alishika ukingo wa kaunta.

"Kitu kimoja sielewi hadi leo," aliendelea Mama Pradip. "Mimi nina simu. Ningeweza kuja na gari, ningemfikisha hospitali kwa dakika kumi. Kwa nini hakunipigia mimi?" Alifungua droo, akatoa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, akaiweka mbele ya Alistidia. "Niliichaji. Polisi waliitazama, wakaniachia. Siku ile alipiga namba moja tu. Alipiga hadi chaji ikaisha."

  Aliifunga droo, akaita kwa sauti ya kawaida: "Annastella! Umepata vizuri?"

*

Walirudi Ijumbi na mfuko wa nguo, simu, na kikopo kipya cha mafuta ya mgando. Asubuhi yake, kabla ya chai, Alistidia alimkalisha mtoto barazani kama tabibu alivyoagiza. Alimwosha kwa maji matupu. Akamkausha kwa kumgusagusa. Akachota mafuta kwa ncha ya kidole.

"Fumba mdomo, mwana wange."

Annastella alifumba. Kidole kilipita juu ya mdomo, kwa wepesi ambao Alistidia hakujua kama bado anao, ule wa zamani, wa kumpaka mtoto mwingine baina ya migomba. Uvimbe ulikuwa umepungua. Mtoto alikaa kimya hadi duara lote likang'aa.

"Mama mkubwa, ile Krismasi ulikuwa wapi?"

Kidole kilisimama.

"Mama alikuwa anakupigia," alisema Annastella. "Alisema Dada atapokea tu. Akasema labda simu iko mbali. Halafu akasema labda uko kanisani. Halafu akasema labda umeme umekatika huko kwenu, simu imezima. Ilikuwa imezima?"

Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeufungua. Ilitosha kusema ndiyo. Orodha ilikwisha kufutwa, Hellen yuko kaburini, na Mama Pradip si mtu wa kupita akitangaza. Alistidia alilifikiria hilo. Alilifikiria akiwa na mafuta kidoleni, mbele ya macho yale yaliyokuwa yakimsubiri.

"Haikuwa imezima," alisema. "Ilikuwa chumbani, chini ya mto."

"Haikulia?"

"Nilikuwa nimeizima sauti. Lakini nilijua ni mama yako anayepiga."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukupokea?"

"Nilikuwa nimemkasirikia."

"Alifanya nini?"

Alistidia alifungua kinywa amweleze: babu yako aliumwa, mama yako hakuja, kulikuwa na kiti. Maneno yalikuwepo yote, aliyarudia moyoni miaka mitatu, na sasa kila alilolishika lilikuwa dogo kiasi cha aibu.

"Hakufanya kitu," alisema.

Annastella aliwaza. Alikuwa na mkunjo katikati ya nyusi, ule ule wa Hellen akiwa anajifunza kuhesabu.

"Alikuwa anaumwa," alisema, kwa namna ya kumweleza mtu ambaye hakupata habari.

"Nisamehe, mwanangu."

 Mtoto alinyoosha mkono akakichukua kikopo kutoka mkononi mwa Alistidia, akatafuta kifuniko kwenye baraza, akakifunga. Kisha akachukua mkoba wake na chupa ya maji, akasema, "Nakwenda shule, mama mkubwa," kwa adabu ile ile ya siku zote.

Mchana Alistidia alimfuata Onesphory kwenye mibuni akamwambia yote, hata kuifuta ile orodha. Mzee alisikiliza ameegemea jembe.

"Uliniambia ni watu wa matangazo," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimekaa pale. Ningeweza kunyoosha mkono." Aliutazama mkono wake. Kisha akaendelea kulima, na Alistidia akasimama pale hadi ilipokuwa wazi kwamba hakuna neno lingine litakalokuja. Kwa wiki nzima mzee alikula bila kuzungumza, na hata alipoanza tena kuzungumza hakurudi kuwa kama alivyokuwa.

Kuanzia siku ile Annastella hakumruhusu mama yake mkubwa kumgusa uso. Hakukataa kwa ukali. Aligeuka tu, akasema, "Nitajipaka mwenyewe," na alijipaka kweli, kwa utaratibu wa kumshangaza hata Philbert: maji, kitambaa, mafuta, mara nane, mara kumi kwa siku. Chupa ilikuwa shingoni mwake kwa kamba. Kila ulimi ulipotaka kutoka, alikunywa funda moja. Wiki ya pili magamba yalianza kudondoka. Wiki ya tatu alikula maharage yenye chumvi akaomba aongezewe. Mwalimu akamrudisha kwenye dawati la wenzake, ingawa mwenyewe aliomba abaki dirishani. Kufikia Pasaka palibaki kivuli tu, weusi hafifu kuzunguka mdomo ambao mtu asiyejua angedhani ni uji.

"Bwana asifiwe," alisema Evodia. "Unaona, Mama Dastan? Umempata mtoto wa kike uzeeni."

Alistidia alimpa kahawa. Alikuwa na mtoto ndani ya nyumba kama mtu alivyo na mgeni mwema. Simu yake ilipoita, popote ilipokuwa, Annastella aliacha alilokuwa akifanya, akaikimbilia, akaileta mikono miwili. "Inaita," alisema, na alisimama pale pale hadi aone imepokewa. Zile chupa chini ya kitanda ziliongezeka zikawa saba. Onesphory alisema ziachwe.

Mwezi wa sita upepo wa kiangazi ulianza, vumbi jekundu likapanda hadi kwenye majani ya migomba, na midomo ya kila mtu ikakauka. Asubuhi moja Alistidia alikuwa anamenya ndizi barazani alipoona miguu midogo yenye viatu vya shule imesimama mbele yake.

"Kimekaza," alisema Annastella, na kumpa kikopo. Kilikuwa cha pili, kipya, kilichonunuliwa jana yake. "Nimeshindwa."

Alistidia aliweka kisu chini, akafuta utomvu mikononi kwa khanga, akakifungua. Harufu haikuwepo yoyote. Ni mafuta yale ya kawaida. Akakirudisha. Mtoto alichota, akajipaka juu, akajipaka chini, akabana midomo na kuiachia. Kwa kawaida angeondoka kujipaka nyuma ya nyumba. Leo alimalizia pale pale, amesimama, akimtazama mama yake mkubwa akimenya.

"Na wewe yako imepasuka," alisema.

"Ni upepo."

Annastella alisubiri kidogo, kama anayepima jambo. Akafunga kikopo, nusu tu, kisije kikakaza tena, akakitia mfukoni, akaenda shule.